Laini ya nyumbani, eSIM, laini ya huko au mkataba: anayetoka Kisumu kwenda kusoma ng'ambo achague ipi?

Kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba, ukipita Milimani au Kondele hapa Kisumu, au Section 58 kule Nakuru, hukosi nyumba yenye mtu anayejiandaa kwenda kusoma nje. Kwenye kikao cha familia karo hujadiliwa, tiketi hujadiliwa, hata koti la baridi hutafutwa mapema Kibuye. Simu husahaulika kwa sababu kila mtu anaona tayari anayo. Ndiyo maana wengi hutua ugenini na laini isiyoshika mtandao, huku benki ya nyumbani ikituma nambari ya uthibitisho kwenye laini hiyohiyo.

Njia za kupata mawasiliano ukiwa huko ni nne: kuendelea na laini ya nyumbani kwa romingi (yaani kuitumia juu ya mitandao ya nchi ya kigeni), kununua eSIM ya wasafiri, kuchukua laini ya huko ya kuweka kredo, au kuingia mkataba wa kulipa kila mwezi, mara nyingi pamoja na simu mpya. Nitazipima zote kwa vipimo vilevile. Siwezi kukwambia moja ndiyo bora kwa wote, maana anayevuka Busia kwenda Makerere na anayepanda ndege kwenda Chicago hawana shida moja. Ila nina msimamo ambao utauona kila mahali hapa chini: usichague kwa bei ya bando peke yake. Jiulize kwanza nambari zako za uthibitisho zitakuwa zikiingia wapi, na mzazi wako atakupataje.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni gharama ya mwezi mzima, pamoja na simu unazopokea. Cha pili ni kama utapata nambari ya huko, kwa kuwa benki, mwenye nyumba, hospitali na mwajiri wa kazi za wikendi wote wataiulizia. Cha tatu ni nyumbani: M-Pesa, eCitizen, benki, na jamaa wasio na intaneti. Cha nne ni stakabadhi unazodaiwa ili uwashiwe laini. Cha tano ni simu yenyewe, kama itaikubali njia hiyo au itaikataa. Hiki cha tano ndicho kinachowaangusha wengi, kwa hiyo tukitazame kabla ya mengine.

Ichunguze simu uliyo nayo mkononi

Fungua mahali pa kupigia simu, bonyeza *#06#. Zitatokea nambari za IMEI, yaani za kuitambulisha simu. Zikiwa mbili, simu yako inaweza kubeba laini mbili. Ukiona pia nambari ndefu ya tarakimu 32 iliyoandikwa EID, basi inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu kwa kuskani picha ya QR. Usipoiona EID, njia ya pili hapa chini haikuhusu kwa simu hiyo, na ni afadhali ujue ukiwa bado Kisumu kuliko kujua ukiwa uwanja wa ndege Doha.

Halafu kuna suala la bendi, masafa ambayo simu hutumia kuongea na mnara. 4G ya Kenya hutegemea sana bendi ya 3 (1800 MHz) na ya 20 (800 MHz), na hizo zinatumika sana Uingereza na Ujerumani pia. Kwa hiyo Tecno, Infinix au Samsung iliyonunuliwa Oginga Odinga Street itashika London au Berlin bila matatizo. Marekani ni habari nyingine. Kampuni za huko hutumia bendi kama ya 2, 4, 12, 13, 66 na 71, na modeli nyingi zinazouzwa kwetu hazina zote hizo. Isitoshe, 3G ilizimwa Marekani mwaka 2022, kwa hiyo hata simu ya sauti hupita kwenye 4G, kwa teknolojia iitwayo VoLTE, na simu isiyotambuliwa na mtandao inaweza kufungua intaneti vizuri lakini ikashindwa kupiga. AT&T ina orodha yake ya simu inazozikubali; isiyo kwenye orodha hukataliwa. Tovuti za AT&T, T-Mobile na Verizon zina mahali pa kuandika IMEI na kupata jibu papo hapo. Fanya hivyo kabla ya kununua simu mpya ya safari. Inasikitisha kuona mzazi akiuza ng'ombe mmoja zaidi ili mtoto awe na simu nzuri, kisha simu hiyo ikawa ya kusikilizia muziki tu kule Ohio.

Kama simu yako ni ya kulipia kidogo kidogo kila siku, maliza deni kabla ya kuondoka. Nyingi za aina hiyo hujifunga malipo yakikatika, na hazijali kama uko Nyalenda au Toronto.

Njia ya kwanza: laini ya nyumbani peke yake, kwa romingi

*Gharama.* Nje ya Afrika Mashariki, hii huwa ghali zaidi kwa anayekaa miezi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukiwa kwenye romingi, kupokea simu pia kunakula kredo yako. Nyanya akikupigia kutoka Luanda, Vihiga, yeye analipa bei ya kawaida ya Kenya, na wewe unalipia safari iliyobaki ya sauti yake. Kuna vifurushi vya romingi vya siku au wiki vinavyopunguza makali, lakini vimetengenezwa kwa msafiri wa siku chache.

Hesabu hubadilika kabisa ukiwa Uganda, Rwanda au Sudan Kusini. Nchi hizo na Kenya zimo kwenye mpango wa Mtandao Mmoja, ulioanza mwaka 2014, ambao uliondoa malipo ya kupokea simu na kushusha bei ya kupiga. Mpango huo ulilenga sauti. Data ihesabie kando. Watu wa Busia na Malaba hawahitaji maelezo, kwani simu zao huruka mpaka kila siku wakiwa wamekaa palepale dukani.

*Nambari ya huko.* Hakuna. Utajaza fomu ya benki ukaandika +254 na utaona jinsi fomu inavyokataa.

*Nyumbani.* Hapa ndipo inapozishinda zote. Meseji za benki zinaingia, M-Pesa inaendelea, na anayekupigia hahitaji kujua umehama.

*Stakabadhi na simu.* Huhitaji karatasi yoyote, ila romingi iwashwe ukiwa bado Kenya. Simu ikose bendi za huko, romingi nayo haitakusaidia.

*Inamfaa nani.* Anayesoma Kampala au Kigali na kurudi nyumbani kila likizo. Anayekwenda kozi ya wiki mbili popote. Na kila mtu kwa siku ya kwanza ya kufika.

Njia ya pili: eSIM ya wasafiri

Hizi ni zile zinazouzwa mtandaoni na kampuni kama Airalo na Holafly. Unachagua nchi, unalipa kwa kadi, unaskani QR, na ndege ikitua simu inashika data. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022.

*Gharama.* Iko katikati. Ni nafuu kuliko data ya romingi ya kawaida, na mara nyingi ni ghali kuliko laini ya wenyeji ukikaa mwezi mzima na kutazama mihadhara ya video.

*Nambari ya huko.* Nyingi ni za data tu. Hazina nambari, hazipokei meseji, wala hazipigi simu ya kawaida. Kwa mwanafunzi huo ni upungufu mkubwa.

*Nyumbani.* WhatsApp inaendelea na nambari yako ya Kenya juu ya data hiyo. Laini ya Kenya unaiacha kwenye kadi kwa ajili ya meseji.

*Stakabadhi na simu.* Kwa kawaida hudaiwi karatasi nyingi. Simu lazima iwe na EID, na lazima iwe haijafungwa kwa kampuni moja.

China inahitaji neno lake. Huko Google, WhatsApp, YouTube, Facebook na Instagram vimezuiwa kwenye mitandao ya ndani. Data ya romingi, ikiwemo ya eSIM nyingi za wasafiri, hupitishwa nje ya China, na kwa hiyo programu hizo kwa kawaida hufunguka. Kwa mwanafunzi anayefika Wuhan au Guangzhou, wiki mbili za eSIM ya nje humpa nafasi ya kumwambia mama amefika salama, kisha akatulia na kupakua WeChat, programu ya kuandikiana ya huko, ambayo ndiyo jamaa wa nyumbani nao watalazimika kuwa nayo. Ni vyema WeChat iwekwe kwenye simu za nyumbani kabla ya safari, dada mkubwa akishika hatamu.

*Inamfaa nani.* Anayefika usiku au siku ya mapumziko wakati maduka yamefungwa. Anayepita nchi kadhaa. Anayetaka mtandao akiwa bado kwenye foleni ya uhamiaji ili afungue barua ya chuo.

Njia ya tatu: laini ya huko ya kuweka kredo

*Gharama.* Mara nyingi ndiyo nafuu kwa anayekaa muhula mzima. Uingereza, pauni 10 kwa mwezi zinakupa kifurushi cha kutosha kwa giffgaff, Lebara au Lycamobile, ambazo hukodi minara ya kampuni kubwa. Marekani, kampuni ndogo kama Mint Mobile huanzia dola 15 kwa mwezi, ila unalipa miezi kadhaa kwa mpigo. Ujerumani kuna laini zinazouzwa mpaka ndani ya supamaketi, kama ya Aldi. Tena laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inatumika nchi nyingine za umoja huo bila nyongeza kwa matumizi ya kawaida ya msafiri, tangu tarehe 15 Juni 2017. Anayesoma Leipzig akaenda kumtembelea binamu Paris hahitaji kununua kitu.

*Nambari ya huko.* Unayo, na ndiyo sababu kuu ya kuichagua. Bila nambari hiyo kufungua akaunti ya benki huwa kazi. Uingereza iliacha kadi za ukaazi mwishoni mwa 2024, na sasa hadhi ya viza iko mtandaoni kwenye akaunti ya UKVI, idara ya viza ya huko, ambayo hukutumia nambari ya uthibitisho kwa simu au baruapepe. Wengi huifungua akaunti hiyo wakiwa Kenya, kwa nambari ya Kenya. Ukibadilisha laini, ingia ubadilishe na huko siku hiyohiyo, laini ya zamani ikiwa bado inapokea meseji. Ukichelewa, siku mwenye nyumba anataka uthibitisho wa viza ndiyo siku utakayogundua nambari inatumwa kwenye laini iliyolala kabatini Ahero.

*Nyumbani.* Laini mbili ndani ya simu moja hutatua karibu kila kitu: ya huko kwa data na simu, ya Kenya kwa meseji tu. Kwenye mipangilio, zima data ya romingi ya laini ya Kenya, kisha teua laini ya huko kuwa ndiyo ya data. Kupokea meseji ukiwa kwenye romingi kwa kawaida hakutozwi. Thibitisha na kampuni yako kwa nchi unayokwenda. Simu ikilia kutoka Kenya kwenye laini ya Kenya, usiipokee. Mrudie kwa WhatsApp. Na nyanya mwenye kabambe, ile simu ndogo isiyo na intaneti? Mwelezeni mapema kwamba akufleshi tu, kisha wewe umpigie kwa programu ya simu za bei nafuu za kimataifa, ambazo hulia kwenye kabambe kama simu nyingine yoyote. Hii ieleweke na nyumba nzima, isije akadhani umemdharau kwa kukata simu yake.

*Stakabadhi na simu.* Hapa nchi zinatofautiana sana. Uingereza unaweza kununua laini dukani bila kitambulisho. Marekani vilevile, laini ya kuweka kredo haidai nambari ya hifadhi ya jamii. Ujerumani, tangu Julai 2017, kitambulisho chako lazima kihakikiwe kabla laini haijawashwa, kwa video au kwenye ofisi ya posta. India watataka pasipoti, viza, picha na anwani unayokaa. Beba picha za pasipoti za kutosha kutoka nyumbani. China ni pasipoti pamoja na kupigwa picha ya uso, utaratibu ulioanza Desemba 2019. Kuhusu simu, rudia yale ya bendi. India pia ina mtego wake: kampuni ya Jio haina 2G wala 3G, kwa hiyo simu isiyo na VoLTE haitapiga huko.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa kawaida wa miezi mitatu na kuendelea, mwenye bajeti ya kubana, ambaye hajui kama atabaki jiji lilelile mwaka ujao.

Njia ya nne: mkataba wa kulipa kila mwezi, pamoja na simu

*Gharama.* Mkataba wa laini peke yake unaweza kuwa nafuu, hasa ukigawana na wenzako mkataba wa kifamilia, kama wanavyofanya Wakenya wengi Marekani. Mkataba wenye simu mpya huonekana rahisi kwa kuwa hutoi pesa nyingi siku ya kwanza. Soma idadi ya miezi. Shahada ya uzamili Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, na mkataba wa simu huwa miezi 24 au zaidi. Marekani baadhi ya kampuni kubwa hutandaza bei ya simu kwa miezi 36. Ukiondoka kabla, salio la simu unalipa. Familia inayochanga karo kwa harambee haipaswi kubebeshwa deni la namna hiyo.

*Nambari ya huko.* Unayo, na ni imara.

*Nyumbani.* Sawa na njia ya tatu, mradi simu unayopewa ibebe laini mbili. iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa nafasi ya kadi. Kila kitu ni eSIM. Maana yake laini yako ya Kenya ya kadi haina mahali pa kukaa, mpaka uigeuze eSIM kabla ya kuondoka. Zile za China bara kwa miaka mingi zimekuwa kinyume: nafasi mbili za kadi, bila eSIM.

*Stakabadhi na simu.* Kampuni hutaka akaunti ya benki ya huko, anwani, na mara nyingi historia ya mikopo, ambayo mgeni hana. Wengine hudai amana. Faida ni kwamba simu utakayopewa imetengenezwa kwa minara ya huko. Kuhusu simu kufungwa kwa kampuni moja: Kanada ilipiga marufuku kuuza zilizofungwa tangu Desemba 2017, Uingereza tangu Desemba 2021. Marekani bado zipo, na iliyofungwa haitakubali laini ya Safaricom au Airtel ukirudi nayo Kisumu.

*Inamfaa nani.* Anayesoma shahada ya miaka mitatu au minne mahali pamoja, mwenye kipato cha uhakika huko, na ambaye simu yake ya Kenya imekataliwa na mitandao ya huko. Kwa mwaka wa kwanza, mimi ningesubiri.

Laini ya Kenya ikae wapi?

Ukichagua njia yoyote isipokuwa ya kwanza, swali hili bado linakungoja. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa, na baadaye nambari hupewa mtu mwingine. Fikiria nambari iliyofungamana na M-Pesa, benki, HELB na baruapepe yako ikishikwa na mgeni. Kuitunza si gharama: nunua kredo kidogo na utume meseji moja kila mwezi.

Kuiacha kama kadi ndani ya simu yako kuna uzuri wake. Simu ikivunjika, unaitoa kadi, unaiweka kwenye simu nyingine, kazi inaendelea. Ubaya ni kwamba mwizi naye anaweza kufanya hivyo, na uporaji wa simu barabarani ni tatizo kubwa London. Weka PIN ya kadi yenyewe, si ya skrini tu, na andika nambari ya PUK, ile ya kufungulia kadi PIN ikikosewa, mahali pengine.

Kuigeuza eSIM kwa Safaricom au Airtel kabla ya safari kunamnyima mwizi kadi ya kuchomoa, na kunaacha nafasi ya kadi wazi kwa laini ya huko. Lakini simu ikifa, huwezi kuihamisha kwa dakika moja. Utahitaji QR mpya kutoka kwa kampuni, ukiwa maili elfu kadhaa kutoka duka lao. Kwa mwenye simu ya zamani inayozimika ovyo, kadi ni salama zaidi.

Namna ya tatu ya kuitunza laini ya Kenya ndiyo inayotumika sana magharibi mwa nchi: laini anaachiwa dada au kaka, naye anasoma nambari za uthibitisho na kuzituma kwa WhatsApp. Haina gharama, na pesa zikitumwa kwa M-Pesa anatoa na kumpelekea mama sokoni Jubilee. Naielewa, na kwenye familia nyingine inafanya kazi vizuri. Shida mbili tu. Saa mbili usiku Toronto wakati wa baridi ni saa kumi alfajiri Kisumu, na nambari ya benki huisha muda kwa dakika chache. Ya pili ni nzito zaidi: aliye na laini yako ana ufunguo wa benki yako, WhatsApp yako na baruapepe yako, na ikipotea matatu ya Kondele, wewe mwenye kitambulisho haupo kuirudisha. Ukiamua hivyo, hamisha kwanza uthibitisho wa benki na baruapepe kwenye programu ya kuzalisha nambari ndani ya simu yako. Akaunti ya Google inakupa pia nambari 10 za akiba. Ziandike kwenye karatasi na uziweke pamoja na pasipoti. WhatsApp nayo ukihamia simu mpya itatuma nambari kwenye laini ile ya Kenya, kwa hiyo panga kuhamia siku ambayo mwenye laini yuko macho.

Chaja, laptopu na vinginevyo

Haya ni mepesi. Kenya tunatumia umeme wa volti 240 na soketi ya miguu mitatu mikubwa, sawa na Uingereza na Uganda. Anayekwenda huko abebe hata ekstensheni yake. Kwingine utahitaji adapta. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja: ikiandikwa INPUT 100-240V, itafanya kazi dunia nzima, na karibu chaja zote za simu na laptopu ziko hivyo. Pasi, birika na mashine ya kukausha nywele haziko hivyo. Marekani na Kanada ni volti 120, ziacheni nyumbani.

Benki ya chaji (pawabenki) ipande nawe ndani ya ndege, kamwe isiwe kwenye sanduku la mizigo. Mpaka ni saa-wati 100 bila ruhusa maalumu. Ya 20,000 mAh ni kama 74, kwa hiyo inapita. Zile kubwa sana za kuwashia hadi televisheni zitabaki kwa askari wa uwanja.

Kulingana na hali yako

Unakwenda Makerere, chuo kingine chochote cha Kampala, au Kigali: anza na laini ya nyumbani kwa simu na M-Pesa, kisha ongeza laini ya huko kwa data ukishapata hosteli. Kadi mbili, simu moja, na ukiwa Uganda chaja yako huhitaji kuibadilisha.

Unakwenda Uingereza kwa uzamili wa mwaka mmoja: laini ya huko ya kuweka kredo, ya Kenya kando yake kwa meseji. Mkataba wa miezi 24 haukufai hata ukipendeza vipi. Akaunti ya UKVI ibadilishe wiki ya kwanza.

Unakwenda Ujerumani: eSIM ya wasafiri kwa siku za mwanzo, kwa sababu uhakiki wa kitambulisho unaweza kuchukua muda, na unahitaji mtandao kuiwasha akaunti ile ya fedha zilizozuiliwa, yaani pesa za matumizi unazotolewa kidogo kidogo, uliyoifungua kwa ajili ya viza (mwaka 2025 zilidaiwa euro 11,904 kwa mwaka). Laini ya supamaketi ifuate.

Unakwenda Marekani au Kanada: IMEI kwanza, mengine baadaye. Simu ikikubaliwa, chukua laini ya kuweka kredo. Ikikataliwa, usinunue nyingine Nairobi kwa haraka. Nunua huko simu isiyofungwa, hata ya mtumba, na kama ni iPhone ya Marekani, laini yako ya Kenya iwe eSIM kabla hujaondoka.

Unakwenda India: laini ya huko, picha na nakala za viza mkononi, na romingi ya nyumbani ikusogeze siku za kungoja iwashwe.

Unakwenda China: eSIM ya nje kwa wiki za mwanzo, kisha laini ya huko, maana programu za malipo za Alipay na WeChat Pay hufungamana na nambari ya simu. Programu zote za Google unazohitaji zipakue ukiwa Kisumu.

Una wazazi wenye kabambe pekee, popote uendako: nunueni simu moja ya bei ya chini yenye WhatsApp ikae na jirani au binamu wa karibu, na mpange siku na saa ya kupiga kila wiki. Kwa anayesoma Ulaya, Jumapili saa kumi na mbili jioni ya Kisumu ni mchana kwake, na nyumbani wote huwa wamesharudi kutoka kanisani.